Je, Wajua? Mgeni Aje, Mwenyeji Apone Vipi

Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773 wa Zanzibar. Mwaka 2024 visiwa hivyo vilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 730,000. Mzee aliyeota jua la miaka ya 1970 angekuambia kwamba uchumi ni karafuu, basi. Lakini Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, bei ikaanguka, na katikati ya miaka ya 1980 serikali ikageuza macho kuelekea fukwe. Leo utalii unabeba zaidi ya robo ya uchumi wa visiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yafuatayo ni mambo ambayo huenda huyajui kuhusu namna mwenyeji anavyopona, na pale anapougua, kuanzia Unguja hadi misitu ya Kongo.

Je, wajua kwamba hotelini bustani inaweza kunywa maji mengi kuliko mgeni?

Pwani ya mashariki ya Unguja haina mito. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe ya matumbawe, yakashuka na kutulia chini kama tabaka jembamba la maji baridi lililoelea juu ya maji ya chumvi. Ukiteka kwa kiasi, mvua ya masika inarudisha ulichochukua. Ukivuta kwa pampu kubwa usiku na mchana, chumvi inapanda, na kisima kilichonywesha kijiji tangu enzi za mababu kinabaki cha kuoshea vyombo.

Mtafiti Stefan Gössling alipima matumizi ya maji katika hoteli na nyumba za wageni za Nungwi na Kiwengwa, na mwaka 2001 akachapisha alichokikuta: wastani wa lita 685 kwa kila mgeni kwa siku. Katika hoteli, karibu nusu ya maji hayo yalikwenda kumwagilia bustani. Si ajabu ukitazama ardhi yenyewe. Udongo wa huko ni mchanga mtupu, jua ni kali, na nyasi za kijani zinazopendeza kwenye picha haziwezi kukaa kijani bila mpira wa maji kufunguliwa asubuhi na jioni. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa uchunguzi wake kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni, lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kiliweza kufika lita 3,195.

Mwenye hoteli mfereji ukikauka huchimba kisima chake au huagiza boza. Mama wa kijijini mfereji ukikauka hubeba dumu na kwenda kusubiri zamu kwa jirani mwenye kisima. Tofauti hiyo haimo kwenye takwimu za mapato ya utalii, nami naona ingefaa iwemo, ukurasa ule ule, mstari unaofuata.

Mambo si lazima yawe hivyo. Kisiwani Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kuna mabanda saba tu ya wageni. Mapaa yake makubwa yamejengwa kukinga mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu, na vyoo havivuti maji kabisa: kinyesi kinageuzwa kuwa mboji. Hakuna kisima kilichochimbwa wala bwawa la kuogelea. Matumbawe ya Chumbe yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, watu walioijua bahari ile kwa majina ya kila mwamba. Fedha za wageni wanaolala huko ndizo zinazowalipia wanafunzi wa shule za Zanzibar safari ya kuja kuona matumbawe. Wengi wao wamezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na hawajawahi kutia uso majini wakatazama kilichopo chini.

Je, wajua kwamba shamba na uwanja wa michezo vinaweza kuwa kitu kimoja, saa tofauti?

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima walio wengi mno ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, hutembea kuingia ndani ya wangwa wakiwa na mambo za mti begani na furushi la kamba. Mambo mbili hupigiliwa mchangani, kamba ikavutwa kati yake, na vipande vya mbegu vikafungwa kimoja kimoja kwa kamba ndogo wanazoziita taitai, fundo likiwa legevu kiasi cha mwani kunenepa bila kukatika. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa kwenda ng'ambo, na mwisho wake ukaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu ya mtu asiyejua Jambiani iko wapi. Kwa wanawake wa Paje na Jambiani, ile ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kushika fedha ambayo hawakuiomba kwa mtu.

Sasa maji yakijaa, wangwa ule ule ni uwanja wa watalii wanaovutwa na tiara juu ya ubao. Upepo wa kusi na wa kaskazi umeifanya Paje ijulikane duniani kwa mchezo huo. Mgeni akianguka juu ya mambo anaumia. Kamba zikikokotwa, mwani unang'oka. Kuna wanaotaka mashamba yasogezwe ili ufukwe uwe safi machoni mwa wageni, kana kwamba aliyeutangulia ufukwe ni mgeni. Haki inadai kusema pia kwamba si utalii pekee unaoumiza mwani. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na aina ya bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa, huku ile ya bei ndogo ikibaki. Hata hivyo, Paje kwenyewe kuna kituo cha wanawake wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni, wakiwauzia wageni na kuwatembeza shambani kwa malipo. Kipande cha sabuni kinalipa kuliko kilo za mwani mkavu aliochukua dalali.

Je, wajua kwamba mlima unagawa fedha vizuri kuliko ufukwe?

Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya ODI ya London waliifuata fedha ya mtalii kaskazini mwa Tanzania, hatua kwa hatua, wakiuliza kila shilingi imeishia kwa nani. Kati ya fedha zote ambazo wapanda Kilimanjaro walizitumia ndani ya nchi, asilimia 28 iliwafikia watu wa kipato cha chini. Kwenye safari za kuangalia wanyama ilikuwa asilimia 18. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa namna hiyo hiyo uliofanywa Zanzibar ulikuta asilimia 10 hivi.

Kwa nini mlima? Kwa sababu hakuna mashine inayopanda badala ya mtu. Kila mgeni anahitaji kiongozi, mpishi, na wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa Moshi, watatu au wanne kwa kila mpandaji. Chakula cha siku sita kinanunuliwa sokoni Moshi au Arusha: viazi, karoti, mayai, parachichi. Kwenye hoteli ya ufukweni, mgeni amekwishalipia kitanda, chakula na vinywaji kabla hajapanda ndege, na sehemu kubwa ya malipo hayo haikuvuka mipaka ya nchi yake. Mboga za mezani nyingi zimevuka bahari kutoka Bara. Akitoka nje ya geti, hana tena haja ya kununua kitu, na mwenye genge la chipsi na pweza aliye hatua hamsini kutoka hapo hana cha kumuuzia.

Lakini tusiupambe mlima. Asilimia 28 imebebwa kwa vichwa na mabega. Kanuni inataka mgumu asibebe mzigo wa mgeni unaozidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Ni kanuni nzuri, na inavunjwa pale kampuni inapotaka kupunguza idadi ya watu ili ishushe bei. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, umekuwa ukifuatilia kampuni zipi zinalipa ujira unaostahili, na unawaazima wagumu makoti na viatu bure, kwa kuwa baridi ya kambi ya Barafu haijali nani amelipa na nani amelipwa. Mtalii anayesaka safari ya bei ya chini kabisa anapaswa kujua kwamba tofauti ile imetoka mfukoni mwa mtu anayembebea hema.

Je, wajua kwamba kima anayeiba nazi anaweza kumwongezea mkulima nazi?

Hili nalipenda kuliko yote. Kima punju hapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, na hesabu iliyochapishwa katika miaka ya 2010 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800. Kando ya Msitu wa Jozani huingia mashambani na kula vidaka vya nazi. Wakulima walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika: wageni wanalipa kiingilio kuwapiga picha kima waliokula mazao ya mtu mwingine.

Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walikwenda kuhesabu. Mwaka 1999 walichapisha jibu ambalo hakuna aliyelitarajia: minazi iliyoliwa zaidi ilitoa nazi pevu nyingi zaidi. Mnazi huweka vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea. Kima anapopunguza, vinavyobaki hupata nafasi ya kukomaa. Mkulima mwenye mihogo au mazao mengine hakupata bahati hiyo, kwa hiyo mpango wa kutenga sehemu ya mapato ya Jozani kwa ajili ya wakulima na vijiji jirani ulibaki kuwa jambo la haki. Kama mnyama anakula kwangu na analipiwa kwako, lazima tugawane.

Na kima huyo ana jingine. Hula mkaa. Majani ya miembe na mikungu anayoyapenda yana kemikali zinazochafua tumbo, na mkaa huzinyonya. Watoto hujifunza kwa mama zao, hivyo si kima wote wa Unguja wenye tabia hiyo, bali wale waishio jirani na watu na majiko yao.

Barabara ya kwenda pwani ya mashariki inapita kando ya msitu huo, na ndiyo inayowabeba watalii. Kabla ya kuwekwa matuta manne ya kupunguza mwendo, wafanyakazi wa hifadhi walisema kima mmoja aligongwa kila wiki mbili au tatu. Hesabu za miaka ya 2016 hadi 2019 zilionyesha mmoja kwa kila wiki sita hivi. Bado ni wengi. Lakini nani angedhani kwamba zege lililomwagwa barabarani ni kazi ya uhifadhi?

Je, wajua kwamba pomboo anaweza kukosa usingizi kwa sababu ya boti?

Hadi miaka ya 1990 wavuvi wa Kizimkazi waliwawinda pomboo na nyama yake wakaitumia kuwa chambo cha papa. Kisha wakagundua kwamba pomboo hai anaweza kuuzwa kila siku. Uwindaji ukakoma, na huo ni ushindi wa kweli wa utalii, usiobezwa. Tatizo lilikuja na wingi wa boti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa boti za watalii zikiwepo, pomboo wa pale huacha kupumzika na kuwa pamoja, wakaanza kuhangaika na kukwepa, jambo linalowaondolea nguvu wanazohitaji kuwinda na kunyonyesha. Nahodha anaijua kanuni ya kutowafukuza. Anajua pia kwamba mgeni aliyelipa anataka kuruka majini karibu nao, na kwamba boti ya jirani itamrusha. Kanuni kama hiyo haishikwi na nahodha mmoja mwema. Wanaishika manahodha wote siku moja, au hakuna.

Je, wajua kwamba kuna sehemu zilizothubutu kufunga mlango?

Ghuba ya Maya nchini Thailand ilijulikana baada ya filamu ya mwaka 2000, hadi ikawa inapokea watu 5,000 kwa siku. Juni 2018 ikafungwa, kwa miezi michache kama ilivyotangazwa. Lakini haikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Papa wadogo wa mapezi meusi walikuwa wamerudi kwenye maji ya kina kifupi, na siku hizi boti haziingii ndani ya ghuba. Hutia nanga upande wa nyuma wa kisiwa. Palau, tangu Desemba 2017, humgongea mgeni muhuri wa kiapo kwenye pasipoti, naye husaini kwamba hatawaharibia watoto wa nchi hiyo kisiwa chao. Bhutan hutoza dola 100 kwa kila usiku. Venice ilianza Aprili 2024 kumtoza euro 5 mgeni wa siku moja katika siku za msongamano, ila ilichelewa: mji wake wa kale, uliokuwa na watu kama 175,000 mwaka 1951, ulishuka chini ya 50,000 mwaka 2022. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, bado una watu wanaoishi, wanaofua na kuanika, wanaocheza bao barazani. Kila nyumba ya kupanga inayogeuzwa hoteli ndogo inamhamisha mmoja wao kwenda mitaa ya Ng'ambo au mbali zaidi.

Je, wajua kwamba Wamasai wa Mara wanalipwa kodi hata mgeni asipokuja?

Kandokando ya Hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, wenye viwanja waliunganisha ardhi zao na kuzikodisha kwa kambi za watalii. Naboisho, iliyoanzishwa mwaka 2010, ina wamiliki zaidi ya 500. Kodi huhesabiwa kwa ekari, hulipwa kila mwezi moja kwa moja kwa mwenye kiwanja, na idadi ya vitanda na magari ina kikomo. Ng'ombe wanaruhusiwa kuchungwa kwa zamu. Mwaka 2020 ulipoleta korona, mpangilio huo ulijaribiwa vibaya na kodi zikapunguzwa, lakini haukuvunjika. Zanzibar mwaka huo ilishuka kutoka wageni zaidi ya 530,000 hadi 260,000 hivi, na mtumishi wa hoteli aliyerudishwa nyumbani hakuwa na kodi ya kusubiri. Dosari ya Mara ni kwamba kodi inamfuata mwenye hati, na hati nyingi zina jina la mwanamume. Wanawake wanaokata kuni na kukamua ng'ombe kwenye ardhi hiyo hiyo hawamo kwenye orodha ya malipo.

Je, wajua kwamba gorila wa milimani wameongezeka kwa sababu ya watalii?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 milima ya Virunga ilibaki na gorila 250 hivi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, ikijumlisha Virunga na Bwindi, ilipita 1,000, na mwaka huo huo wakashushwa ngazi moja katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Rwanda hutoza kila mgeni dola 1,500 kwa saa moja na gorila, katika kikundi cha watu wasiozidi wanane. Bei hiyo ilipandishwa maradufu Mei 2017, na wakati huo huo mgawo wa jamii zinazopakana na hifadhi ukaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi. Shule, zahanati na matangi ya maji yamejengwa kwa mgawo huo. Ni mnyama mmoja aliyepatiwa bei, na bei ikamlinda.

Ila msitu wa gorila ulikuwa na wenyewe. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa nchini Uganda mwaka 1991, Watwa walitolewa msituni walimokuwa wakirina asali, kuwinda na kuzika wafu wao. Wengi walibaki bila ardhi, wakifanya vibarua katika mashamba ya jirani. Kabla ya hapo, upande wa Kongo, hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Huko ndiko gorila walikozoeshwa kutembelewa na wageni kwa mara ya kwanza, kazi iliyoanzwa na Mbelgiji Adrien Deschryver, na huko pia Watwa walifukuzwa bila fidia. Walikwenda mahakamani nchini mwao kwa miaka, kisha wakapeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitangazwa Julai 2024: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivunja haki zao, na inatakiwa kuwarudishia ardhi ya mababu zao, kuwalipa fidia na kuwaomba radhi hadharani.